Kwa nini muvi ya sayansi yenye graphics kali ilimtoa Ami Kassim kibandani

Salaam aleikum wakuu, na hamjambo nyote. Haya yamenitokea mimi mwenyewe hapa Chaani, na sikuyatia chumvi.

Kazi yangu ni kutafsiri muvi. Nina kibanda cha video, projekta na maikrofoni. Muvi ikisema Kiingereza, mimi naisemea Kiswahili papo hapo. Wateja wangu wengi ni watu wa bandarini na mafundi wa matrela.

Mwaka huu nikaleta kwa wingi muvi za sayansi na za uchawi. Nilizipendea zile effects: miji inayoelea, majoka yanayotema moto.

Cha ajabu, watu wanashangaa dakika kumi za mwanzo, kisha kila mtu na simu yake.

Mbona? Nikadhani tafsiri yangu ndiyo mbovu. Nikajirekodi, nikajisikiliza. Wallahi siko vibaya hivyo.

Jumapili moja alasiri nikaweka mpya. Mwanasayansi anafiwa na mkewe, chombo chao cha angani kikianguka kwenye sayari ya mbali. Simu zote zikarudi mifukoni.

Robo saa baadaye jamaa akapata mashine. Akabonyeza kitufe, mke akafumbua macho, wakaendelea kupiga maadui risasi.

Hapo Ami Kassim akainuka, akavaa kofia yake, akatoka.

Ami Kassim ni jirani yangu, mstaafu wa bandarini. Mkewe, Bi Zuhura, alifariki mwaka jana. Tangu hapo hatoki ila kwenda msikitini na kuja kwangu, na hata kwangu hukaa bila kusema neno.

Nikajua nimemtonesha kidonda. Muvi ilipokwisha nikamfuata kwake.

"Shikamoo, ami. Niwie radhi, sikujua ina mambo ya kifo."

"Marahaba. Kifo hakikuniudhi, mwanangu. Kilipokuja ndipo nilipokaa vizuri. Nikasema sasa nitaona huyu bwana ataamkaje kesho yake. Nguo za mkewe atazifanya nini. Kisha akabonyeza kidude!" Akatikisa kichwa. "Waliotunga ile hawajafiwa."

Nikamuaga.

Nikarudi kibandani, nikaanza kuzipekua tena moja moja zile zilizobuma. Nyingi, hakuna kinachopotea kikapotea kweli. Shujaa akizidiwa, anazuka na nguvu ambayo hatukuambiwa. Mchawi aliyeshindwa kufungua mlango mwanzoni, mwishoni anahamisha mlima. Sasa mimi mtazamaji nihofie nini?

Nikakumbuka moja ya zamani, ya bei rahisi mno. Roboti ni mtu kavaa mabati, zipu inaonekana mgongoni. Linamtunza bibi kipofu, na betri yake ikiisha hakuna nyingine. Basi chaji iliyobaki linaitumia kumfundisha bibi njia ya kisimani, ili aweze kwenda peke yake.

Jumapili iliyofuata nikaiweka, nikamwomba ami aje.

Zipu ilichekwa, siwafichi. Watu walipiga mpaka makofi.

Baadaye roboti likazima njiani. Bibi hakujua, akawa anaendelea kulizungumzisha. Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe nikaweka maikrofoni chini, maana maneno yale hayakuhitaji kutafsiriwa.

Watu walipotoka, Ami Kassim alibaki kitini. Nikaenda kukaa ubavuni pake.

"Zuhura," akasema, "alikuwa hataki nitie sukari nyingi mbele ya wageni. Alikuwa akinikanyaga mguu chini ya meza."

Akacheka. Halafu akanieleza walivyokutana, na siku mkewe alipougua. Alizungumza mpaka adhana ya magharibi.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba roboti, jini au sayari ya saba, vyote tunavikubali mradi mtunzi aheshimu masharti aliyoyaweka mwenyewe, na aliyeumia tuachiwe tumwone anaumia. Graphics haziwezi kuziba pengo hilo.

Lakini bado kuna kitu sijakielewa. Zipo muvi ambazo wafu wanafufuka na bado zinakuchoma moyo. Hizo zinafanyaje? Mwenye kujua anifahamishe hapa chini. Na kama umewahi kuinuka muvi ikiwa katikati, sema ni kipi hasa kilichokuinua.