Wageni Wanne Kisiwani

Kazini kwetu ghalani, mjini Buffalo, Marekani, nilikuwa na rafiki Mmarekani aliyependa kupiga kasia kuliko kula. Kiangazi kimoja akanishawishi tusafiri siku tano kando ya pwani ya Maine, kila mtu na mtumbwi wake mwembamba wa plastiki, tukilala kwenye mahema visiwani. Maji yale ni ya baridi hata mwezi wa saba. Ukitia mkono, ukiutoa unahesabu vidole. Bon, chakula nilibeba mimi: mchele, maharage, na dagaa ambazo mke wangu alinunua kwenye maduka ya Grant Street, kule kule Buffalo.

Jioni ya pili watu wanne wasiotujua wakafika kisiwani na mitumbwi yao, wamelowa, wanatetemeka. Mimi ni mtoto wa Uvira, Kongo. Mgeni akikukuta unapika, humuulizi kama ana njaa. Unaongeza maji kwenye sufuria. Nikapika, wakala, wakalamba vidole. Rafiki yangu akaninong'oneza kwamba wamemaliza chakula chetu cha siku tatu. Nikamwambia atulie, kesho watatukaribisha wao.

Asubuhi ukungu ukatuzuia wote palepale. Wale wanne wakakaa kwenye mawe, kila mmoja akachemsha kipakiti chake cha chakula, akala peke yake. Nikawasalimia mara mbili. Nikakohoa. Nikawauliza habari za watoto. Hatimaye mmoja akainuka, akaja kwetu anatabasamu, kikombe mkononi. Moyo wangu ukatulia.

Akauliza kama dagaa zimebaki.

Nikamjibu hakuna, lakini sufuria ile pale, haijaoshwa.