Barua Kumi na Moja za Upendo

Nasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana Mbinga nzima imeshasikia na kila mmoja anaongeza ya kwake: ni kweli nilimpandisha mtoto wangu kwenye dirisha la mapokezi hospitalini, nikamkalisha juu ya makaratasi ya karani, na viatu vyake vya matope, nikapiga kelele mpaka mlinzi akaja. "Upendo ndiyo huyu! Mtazame vizuri! Upendo ni mtu!" Na Upendo mwenyewe, kwa kuwa nimemfundisha adabu, akamwangalia yule karani akasema, "Shikamoo." Karani, kwa mazoea, akajibu, "Marahaba." Watu wakaanza kucheka upya, na hapo ndipo nilipolia.

Upendo ana miaka minne na mguu wake wa kushoto umepinda tangu kuzaliwa, anakanyagia ubavu wa unyayo. Madaktari wa mifupa wanakuja Mbinga kwa nadra, wanakaa siku chache, wanaona watoto walioandikwa kwenye orodha, basi. Safari hii orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa saa sita mchana, na ili mtoto aandikwe, barua za daktari aliyemwona mwanzo ziwe zimefika hospitalini kwa barua pepe. Za Upendo ninazo, tatu, daktari wa Songea alinitumia pamoja na picha za mifupa. Kazi yangu ilikuwa kuzituma. Kuzituma tu, jamani.

Jumanne ya wiki hiyo niko Kihagara kwa mama yangu, tunaanika usipa, dagaa wa ziwani kwetu, mikono magamba mpaka viwikoni, nikaona kunawa ni kazi. Huo ndio uamuzi ulioniponza, uvivu wa kunawa. Kwenye simu, Dada Jeni wa stesheneri alikuwa ameniwekea kitu kinaitwa msaidizi wa akili mnemba, kinaingia kwenye barua pepe zako, kinapekua, kinaambatisha, kinatuma, wewe unasema kwa mdomo tu. "Hiki hakitafuti maneno, mdogo wangu," Jeni aliniambia (anavyojisifu utadhani amekitengeneza yeye), "kinatafuta maana."

"Tafuta barua zote za Upendo," nikaiambia simu iliyolala juu ya ndoo, "zitume hospitali."

Kikajibu kwa sauti yake ya kisomi: "Nimepata barua kumi na moja za upendo. Nizitume zote?"

Kumi na moja! Nilishtuka, nakiri, maana nilijua ni tatu, lakini nikajisemea watu wa hospitali wanapenda kuandika. "Tuma zote," nikasema. Mama akauliza ninaongea na nani, nikamjibu kwa maringo, "Na karani wangu."

Sasa sikieni. Kwa mdomo herufi kubwa haisikiki. Mimi nilisema Upendo mwanangu, chenyewe kikasikia upendo ule mwingine, na upendo huo kwenye barua pepe zangu ulikuwepo, wa kijana mmoja wa Chiwanda aliyekwenda chuo akawa ananiandikia kila alipopata kompyuta (kabla sijaolewa! kabla! shikeni hilo). Nilikuwa nimezisahau. Sikuzifuta kwa sababu nani anafuta barua pepe?

Ijumaa nikafika hospitalini mapema, foleni ikanila asubuhi yote, mama mkwe amembeba Upendo (mama mkwe wangu ni mtu wa milimani, anakaa benchi la mbele kanisani, hacheki hovyo). Nikataja jina la mtoto na langu dirishani. Karani akanitazama, akatabasamu, akavuta droo, akatoa karatasi iliyokunjwakunjwa, yaani imeshapita mikono mingi, kisha akatoa kichwa nje ya dirisha.

"Jamani, kumbe ndiye huyu! Mbasa wa Kihagara amefika!"

Mbasa ni samaki wa kwetu ziwani, mnono, mtamu, na ndilo jina alilokuwa ananiita yule kijana.

"'Mbasa wangu,'" karani akasoma kwa sauti ya mtangazaji, "'tangu uondoke hata chai ya chuo imekosa ladha.'"

"Rudia hapo, kaka!" mama mmoja akapaza sauti huko nyuma. Mzee mmoja wa kikohozi alicheka mpaka akapigwa mgongo. Nikamgeukia mama mkwe nijieleze. Yeye akaisikiliza barua mpaka mwisho, akasema taratibu, "Huyo si mwanangu. Mwanangu hajawahi kuandika hata mistari miwili."

Nikachukua simu, nikazitafuta barua za daktari mwenyewe kwa kidole, dakika mbili hazikuisha. "Kaka, ni hizi hapa."

Akatazama saa ya ukutani. "Saa sita na robo, mbasa. Orodha imeshakwenda kwa madaktari."

"Hizo nyingine ulizipata lini?"

"Jumanne."

"Na namba yangu si ipo kwenye fomu ya mtoto?"

"Ipo."

"Mbona hukunipigia?"

Akainua mabega. "Tulidhani unatupenda."

Hapo ndipo nilipomchukua Upendo mikononi mwa bibi yake na kumpandisha dirishani. Mengine mnayajua.

Jumapili madaktari wakaondoka. Upendo hakuonwa. Dada Jeni alinishauri nikilalamikie kile kimsaidizi, ati waliokitengeneza wana sehemu ya maoni. Nimekifuta tu. Kilikosea, na mimi ndiye niliyesema tuma zote, lakini chenyewe hakikucheka. Nimeapa, jambo lolote la mwanangu nitanawa mikono kwanza, nitafungua, nitasoma, nitatuma mwenyewe. Na Jumatatu nilirudi peke yangu na barua hii, kwa kalamu, kwenye karatasi ya mistari, sikuondoka mpaka ikagongwa muhuri:

*Kwa Mganga Mfawidhi.*

*YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KARANI WA MAPOKEZI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama mzazi wa Upendo, miaka minne. Nilituma barua zisizo sahihi. Kosa hilo ni langu. Karani wako alizipata Jumanne, akajua zimekosea njia, akawa na namba yangu, hakupiga. Alizichapisha kwa karatasi na wino wa hospitali, akawasomea watu siku tatu. Siku hizo tatu zingetosha kumwingiza mtoto kwenye orodha.*

*Naomba nirudishiwe barua zangu, zote kumi na moja. Na madaktari wakija tena, jina la kwanza kuandikwa liwe la mwanangu. Linaanza na herufi kubwa.*