Siku Nilizowaficha Wenzangu

Wiki zangu za kwanza kwenye kiwanda cha chakula cha samaki, hakuna aliyenifokea. Hilo lilinitia shaka.

Nilitoka kampuni ya matangazo katikati ya mji, ambako nilisimamia miradi ya watu: leo mabango ya kutangaza saruji, kesho kalenda za shule. Kazi hiyo sikuisomea. Niliokoteza kwenye video za mtandaoni chumbani kwangu Kiseke, kwa hiyo kila siku nilingoja mtu agundue. Kule mteja akinyamaza, anatafuta kampuni nyingine. Akikukaribisha chakula, anataka kazi ya bure. Nikajifunza kujilinda: mchapaji akiniambia Jumanne, mimi namwambia mteja Ijumaa.

Kiwandani nilipewa kazi moja, mifuko mipya ya chakula cha sato wanaofugwa kwenye vizimba ziwani, na nilikuwa bado kwenye majaribio. Mkuu wa uzalishaji, mama mmoja mpole, aliitikia shikamoo yangu kwa tabasamu kila asubuhi. Sikuliamini tabasamu lile. Akicheka na meneja nyuma ya mlango, nilijua wananijadili.

Siku moja akaniita chakula cha mchana. Pale wanakula pamoja, ugali na sato kwenye sinia moja. Nikaenda na taarifa ya mradi, nakala ya kila mtu, yenye nafasi ya sahihi.

Dereva wa kiwanda akaipokea, akaitazama, akamtazama samaki kwenye sinia. "Dada, na huyu sato anasaini wapi?"

Walicheka mpaka wakakohoa.

"Nawa mikono, mwanangu," mama akasema. "Mifuko inafika lini?"

"Ijumaa, mama. Kama nilivyowaandikia wateja..."

"Wateja gani? Mimi nimekuwa mteja wako lini?" Akamega tonge. "Nauliza kwa sababu mifuko ya zamani inaisha Jumatatu. Kama ni Ijumaa, nazima mashine, vibarua wakae nyumbani bila posho. Ni Ijumaa kweli?"

Nikahisi mtego. Labda ameshampigia mchapaji. Nikishikilia Ijumaa, watu watalala njaa kwa ajili ya woga wangu. Nikisema kweli, nimejitaja mwongo kabla ya kuthibitishwa kazini.

"Jumanne," nikasema. "Ijumaa niliiongeza mimi."



"Basi hatuzimi," mama akamwambia dereva. "Jumanne asubuhi uwe stendi ya Buzuruga, upokee mzigo." Kisha akanisogezea kichwa cha samaki. "Kula. Siku nyingine usitufiche, sisi si watu wa nje."

Nilikula nikimwangalia mikono, nikitafuta hasira.

Mifuko ilifika Jumanne mchana. Vibarua walikuwa wameshaanza kunung'unika, nami nilikuwa getini nachungulia barabara. Mwisho wa mwezi walinithibitisha kazini. Barua ile niliisoma mstari kwa mstari, nikaigeuza nyuma, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha, nikitafuta walikoficha Ijumaa yao.