Chuma cha Pili cha Mama

Mama aliteleza kwenye mteremko wa shamba la chai, akavunjika paja. Chuma alichowekewa kuunga mfupa kililegea. Kabla hajatoka hospitali, baba alifariki nyumbani, tukamzika bila mama kuwepo.

Daktari akataka kumwekea chuma kingine.

"Mwanangu, mwili wangu ulishakataa cha kwanza," mama alimwambia daktari. "Hiki utakikubalije?"

"Hiki kimevikwa utando mwembamba sana, mama, hata macho hayauoni. Unausaidia mfupa kukishika."

Mama alinitazama, kisha akasema, "Haya, kiwekeni."

Mfupa ulikishika, polepole. Jumapili moja baada ya masika, alipanda mlima kwa mkongojo hadi kaburini kwa baba. Alikataa kiti nilichombebea. Akasimama, akamsalimia kwa Kishambaa, ndipo akalia.