Kufuli Ilikuwa ya Ng'ombe

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, kabla jua halijatoka, tulimpoteza Awino, msichana wa mwaka wa kwanza katika chuo ninachofanyia kazi upande wa Muhoroni. Aligongwa na trekta ya miwa. Lakini aliyemsukuma barabarani ni mimi. Usinipe pole. Sitaki pole yako.

Mimi ni mtunza uwanja. Nakata nyasi, nachora mistari ya chokaa, nashika ufunguo wa lango la uwanja. Mkuu wa chuo aliweka kufuli kwa sababu moja: ng'ombe wa majirani walikuwa wanaingia kula nyasi. Ng'ombe! Hakuna aliyeniambia niwafungie wanafunzi. Niliamua mwenyewe. Niliacha shule darasa la saba, na ufunguo ule ndio kitu pekee ambacho watu wa masomo waliwahi kuniomba.

Awino alikuwa mnene. Alikuwa amepatikana na presha, umri mdogo hivyo, na daktari akamwambia akimbie kila asubuhi. Wanafunzi wengi huanza mazoezi Jumatatu, Alhamisi wamelala. Yeye hakulala. Aliwatoa kitandani wasichana wengine watatu, wakaja langoni saa kumi na moja na nusu.

"Mzee, tufungulie nusu saa tu."

"Lango ni saa mbili."

"Saa mbili tuko darasani, Mzee."

Nikamtazama juu mpaka chini. "Na wewe, hizo kilo zako zikipita hapa, nyasi yangu itaota mwaka ujao."

Wenzake walimvuta mkono waondoke. Yeye akacheka. Mungu wangu, alicheka! "Nyasi itapona, Mzee. Hii presha ndiyo haitapona yenyewe."

Angenitukana, leo ningekuwa na kisingizio.

Walirudi kesho yake. Walirudi kesho kutwa. Siku hiyo ya tatu rafiki yake, Mercy, alishika lango akalitikisa. "Hii kufuli ni ya ng'ombe, Mzee. Kwani sisi ni ng'ombe?"

"Afadhali ng'ombe," nikasema. "Hawanijibu."

Wakageuka, wakashika barabara ya lami. Nilisikia viatu vyao vikienda, nami nimekaa kibandani na kikombe changu cha chai, nimefurahi. Ndiyo, nimefurahi! Andika hivyo.

Jumanne iliyofuata trekta ilikuja na trela mbili, bila taa.

Mkuu alituita ofisini, mimi na Mercy. Akauliza, "Walifuata nini barabarani na uwanja upo?"

Nikajibu haraka, "Mimi hufungua mapema, Bwana. Vijana wa siku hizi wanapenda kuonekana barabarani."

Uongo mtupu! Mercy aliniangalia, macho yamevimba. Mkuu akamwamini mzee.

Tulimzika kwao, karibu na ziwa. Nilibeba viti kama mtu mwema. Mama yake alinishika mkono akasema, "Asante Baba, umetoka mbali." Nikala chakula chake.

Wewe mwenye ufunguo wa kitu cha watu, geti, choo, ukumbi, chochote, nakuambia bila heshima: hicho si chako! Umepewa ukilinde, hukupewa ukitumie kuwa mkubwa. Na wewe unayemcheka mtu mnene akikimbia, funga mdomo wako. Anatafuta uhai. Wewe unatafuta nini?

Jana nilimwambia mkuu ukweli wote. Akasema tu, "Toka." Ufunguo hakuuomba.

Leo saa kumi na moja nimefungua lango, nikalisukuma mpaka mwisho. Nimesimama pale na kufuli mkononi. Wasichana wamekuja, sasa ni watatu, Mercy mbele.

Nikaita, "Mercy, ingieni. Kuko wazi."

Hakupunguza mwendo. "Fungulia ng'ombe wako, Mzee."

Wakapita, wakashika lami.