Jiwe la Ishirini na Tatu Kwenye Kibanda cha Anuari

Saa tatu asubuhi. Anuari Rehani anafuta vumbi la Area D kwenye kioo cha runinga, anaipuliza mashine ya gemu kama anayepoza uji, na kumtangazia kila mwenye masikio kwamba wa kumuuzia yeye mbuzi kwenye gunia bado hajazaliwa.

"Mimi mtoto wa mjini," anasema, akichomeka waya. "Babu yangu alifanya biashara hapa kabla reli haijazeeka. Dodoma nzima hakuna aliyewahi kunipiga hata shilingi kumi."

Mlangoni, dada yake Shamila anageuza kachori kwenye karai. Anakohoa. Moshi hakuna, mkaa umeshashika vizuri.

"Mwambie huyu mwandishi wa gazeti habari za ile picha," anasema.

Picha iko ukutani: mchezaji wa mpira ameruka kupiga kichwa, na jasho lake unaweza kulihesabu tone kwa tone. Anuari anaitazama kama mtu anavyotazama picha ya mchumba aliyeolewa na mwingine.

"Ah, ile," anasema. "Ile haihesabiki."

Inahesabika sana.

Zamani mashine za namna hii Dodoma zilikuwa hadithi tu. Biashara zilipofunguliwa, zikaanza kushuka na treni pamoja na mitumba na redio. Anuari, sasa miaka 29, alikuwa akipakia magunia ya karanga stesheni. Mwaka 1997 akanunua mashine moja, akaacha magunia. Zamu ya dakika kumi ni shilingi mia. Siku njema anaingiza elfu nne. Umeme ukikatika, anaingiza usingizi.

Mwaka juzi alikuja Yahaya, mchuuzi wa kaseti na CD kutoka Dar es Salaam, na ile picha mkononi. Gemu mpya ya mpira, alisema, ina timu za nyumbani na mtangazaji wa Kiswahili. Haijatoka bado, ila anayelipa mapema ndiye atakayeipata wa kwanza. Bei elfu sitini.

"Akaniambia nikichelewa, wenzangu wa Chang'ombe ya hapa hapa wataniwahi," anakumbuka Anuari. "Hapo ndipo aliponimaliza."

Sitini hakuwa nazo. Akafanya jambo ambalo lingemjia mtu wa Area D peke yake. Mtaani huku, bomba likikauka, watu hawasimami juani: kila mmoja anapanga jiwe lake kwenye foleni na kurudi nyumbani, na maji yakija, jiwe limeshamshikia nafasi. Anuari akatangaza kwamba kijana akilipa elfu moja anapanga jiwe kando ya ukuta wa kibanda, na gemu ikifika, watacheza kwa kufuata mawe.

Mawe yakafika ishirini na tatu. Shamila, mwenye mwandiko mzuri, aliandika jina la kila mmoja kwa rangi ya kucha. Hela hazikutosha bado, na zilizopungua zilitoka kwenye cherehani yake, iliyouzwa kwa fundi Nikodemo wa Majengo.

"Aliniambia baada ya wiki mbili itarudi," anasema Shamila. "Hakusema wiki za mwaka gani."

Mwandishi wa makala haya, wakati huo kidato cha nne, aliyapita mawe yale huku akicheka. Alikuwa na akili zake.

CD ilifika baada ya miezi minne. Kibanda kilijaa hadi madirishani. Muziki ukalia, timu zikaingia uwanjani, mtangazaji akasema maneno mawili ya lugha ambayo hata mwalimu wa jiografia hakuitambua. Dakika ya pili mpira ukasimama, na kioo chote kikajaa mchezaji aliyeruka kupiga kichwa, na jasho lake. Wakaizima, wakaiwasha. Dakika ya pili, jasho tena. Ilikuwa CD ya maonyesho tu, ya kumtamanisha mnunuzi.

"Tulitoa elfu sitini," anasema Anuari, "tukaonyeshwa picha ambayo tulikuwa nayo ukutani bure."

Yahaya aliapa kwamba yeye naye alilipa mapema kwa mtu wa mjini kwao. Anuari hakukimbia. Kila mwenye jiwe alipewa zamu kumi za bure kwenye gemu za zamani, na akizimaliza, anabeba jiwe lake.

Saa nne, mlango unatiwa kivuli. Ni Yahaya mwenyewe, na mkoba wake.

"Za siku, kaka Anuari." Anatoa karatasi mpya yenye rangi nzuri zaidi. "Hii safari hakuna mchezo. Lipa arobaini leo. Ikishatoka ni sabini."

Mkono wa Anuari unapanda kwenye mfuko wa shati. Mna elfu arobaini kamili, za kuirudisha cherehani ya Shamila. Nikodemo amesema atasubiri hadi Jumamosi. Baada ya hapo anamuuzia mteja wa Kondoa. Shamila ameacha kugeuza. Kachori mbili zinaungua.

"CD iko wapi?" anauliza Anuari.

"Haijatoka, kaka. Ndiyo maana bei ni hii."

"Ile nyingine ulisema Chang'ombe wataniwahi. Waliniwahi?"

"Walikuwahi," anakiri Yahaya. "Nao ilisimama dakika ya pili."

Anuari anatoa mkono mfukoni, mtupu.

"Ikitoka ilete. Tutaiwasha hapa, tucheze mpaka kipenga cha mwisho. Ikifika mwisho, nakulipa sabini yako. Gemu ikiwa nzuri leo, na mwezi ujao itakuwa nzuri. CD haiozi kama nyanya. Jiwe nilishalipanga kwenye bomba kavu mara moja."

Yahaya anakunja karatasi yake na kuomba kachori tatu. Shamila ananyoosha kiganja.

"Kachori umeziona," anasema. "Lipa kwanza."

Jumamosi cherehani inarudi. Itakaa chini ya dirisha, kwa ajili ya sare za shule, na Anuari ameshaandika kibao: HATUPOKEI HELA YA GEMU AMBAYO HAIJAWAKA.

Mwandishi anafunga daftari, na kuwakumbusha wenyeji wake kwamba yeye hakudanganyika hata siku ile.

Shamila anafuta mikono. Anainama, analiokota jiwe linalozuia mlango usijifunge, analigeuza. Chini yake, kwa rangi nyekundu ya kucha, kuna jina la mwandishi mwenyewe wa makala haya.

"Wenzako ishirini na wawili walikuja kuchukua mawe yao," anasema. "Wewe uliniomba niandike kwa chini, mama yako asije akaliona."

Anuari anamnyooshea mwandishi pedi ya kuchezea gemu.

"Zamu zako kumi zipo, ndugu yangu. Kaa ucheze."