Mtani Wangu na Simu ya Ulaya

Mtu akikuambia kwamba kuomba nafasi ya shahada ya uzamivu ni kazi ya akili, jua hajawahi kuiomba akiwa Songea. Akili ilihitajika kidogo tu. Kilichohitajika zaidi ni simu isiyokatika na bosi asiye mtani wako. Mimi sikuwa na hata kimoja.

Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara imefunguliwa na kila mtu anaagiza mali nje. Ghafla kila mwenye duka Majengo alikuwa na mashine yake ya kusaga, imetoka nchi za mbali, imepakwa rangi ya kupendeza, na ikisaga mahindi yetu msimu mmoja inaanza kukohoa. Nyundo za ndani, vile vibao vya chuma vinavyozunguka na kuyapasua mahindi, ziliisha kama sabuni. Karakana yetu ya serikali, iliyokuwa ikisubiri kuuzwa au kufungwa, lolote litakalotangulia, iliishi kwa kuchonga nyundo mpya kutoka kwenye springi za malori mabovu. Nilikuwa mhandisi pekee wa kike pale, na nilitaka kujua kwa nini nyundo za springi hii zinadumu na za ile hazidumu. Kwa hilo unahitaji maabara, na profesa mmoja wa Ulaya alikuwa nayo. Aliyasoma maombi yangu, akayapenda, akasema kilichobaki ni yeye kuzungumza na mkuu wangu wa kazi. Nafasi ilikuwa moja. Nikiikosa na karakana ikifungwa, ningerudi kijijini kule Peramiho kuyapalilia mahindi ya mama badala ya kuyafanyia utafiti.

Mkuu wangu alikuwa Mhehe. Mimi ni Mngoni. Kwa wasiojua, babu zetu walipigana mpaka wakachoka, mshindi hakupatikana ingawa kila upande una maelezo yake, na sisi wajukuu tukaachiwa ruhusa ya kutukanana bila mtu kununa. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo mzee," naye akajibu, "Marahaba, mwizi wa ng'ombe." Mimi nikamuuliza kama jana alikula vizuri, au mbwa wa mtaa wa Msamala wameshaanza kumshtukia, maana Wahehe tunawasema kwamba wanakula mbwa. Mafundi walicheka, kazi ikaanza. Siku ambayo hakunitukana nilijua ana malaria.

Profesa alipiga simu nikiwa kwenye tanuru. Baada ya muda mkuu alitoka ofisini uso umemng'aa.

"Nimekusemea," akasema.

"Umemwambia nini, mzee?"

"Kaniuliza kama nakufahamu vizuri. Nikamwambia naufahamu ukoo mzima. Wametembea kwa miguu kutoka kwa Wazulu, wakiiba njia nzima, walipofika hapa miguu ikawauma ndiyo wakajifanya wenyeji. Na huyu ndiye mbaya kuliko wote. Akija huko, fungeni makabati."

"Halafu?"

"Halafu simu ikakatika. Ndiyo kwanza nilikuwa nafika kwenye mazuri."

Nilikaa juu ya rundo la springi. Nilikasirika, lakini sikushangaa. Mhehe kumtaja Mngoni bila kumrushia dongo ni kama kula ugali mkavu, haushuki. Yeye aliendelea kucheka mpaka alipouona uso wangu, akaanza kutafuta miwani yake aliyokuwa ameivaa.

Wiki iliyofuata faksi ilifika posta. Kwa adabu kubwa, profesa alisikitika kusikia kwamba kazini kwetu kuna tatizo la upotevu wa mali, akaomba, kama si usumbufu, mtu mwingine wa kunisemea. Mtu mwingine hakuwepo. Wahandisi wenzangu wote walikuwa wameshakwenda Dar kuuza matairi.

Basi tukaenda posta mimi na mkuu, tukaomba laini ya Ulaya, tukangoja hadi makalio yakafa ganzi. Ilipopatikana nilishika simu mimi. Nilimweleza profesa habari za utani kwa Kiingereza changu cha Jumapili, nikitokwa na jasho.

"Kwa hiyo huko kwenu anayekuheshimu anakutukana?" akauliza.

"Ndiyo, profesa."

"Na asiyekutukana?"

"Huyo bado ni mgeni."

Nikasikia mikwaruzo tu. Nikajua laini imekatika tena, nikaanza kuilaani nchi nzima kimoyomoyo. Kisha akasema, "Mpe simu."

Nilimpa mkuu simu pamoja na jicho la onyo. Akavua kofia. Akasimama wima, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia akasema kwamba nyundo zetu za kwanza zilipovunjika, yeye alilaumu chuma. Mimi nikamwambia kosa ni lake, tunazitumbukiza majini zikiwa na moto mno. Alinikatalia mbele ya mafundi wote. "Alikuwa sahihi," akasema, "na unga unaoliwa mji huu leo unasagwa na nyundo zake. Karakana yangu itafungwa. Nikiulizwa nilifanya nini cha maana maishani, nitasema nilifanya kazi na huyu." Hakuweka hata kadongo kamoja.

Hicho ndicho nilichokuwa nimemwomba akiseme. Kilipotoka kilinichoma, nikatamani laini ikatike.

Tulipokuwa tunatoka nikamchokoza. "Mzee, leo umesema ukweli mfululizo. Kwa Mhehe hiyo ni hatari, usije ukaugua."

Nikangoja. Mtani hawezi kuuacha mpira kama huo upite. Yeye alinifungulia mlango wa posta, akaushikilia, kofia yake mkononi.

"Tangulia, mhandisi," akasema.

Barua ya kukubaliwa ilikuja baadaye, na kila mtu akashangaa kwamba sikuruka kwa furaha. Mimi nilishajua pale mlangoni kwamba nimeondoka.